Mkuu anataka tovuti, mhasibu anataka lango la wazazi, mimi nataka seva ya maabara

Mshauri, salamu nyingi na pole na kazi.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta na msaidizi wa mwalimu wa taaluma katika sekondari ya bweni ya binafsi huku Nyanda za Juu Kusini. Tuna wanafunzi 620, kidato cha kwanza mpaka cha sita, walimu 34, na maabara moja yenye kompyuta 25 zinazofanya kazi. Intaneti yetu inatoka kwenye rauta ya laini ya simu iliyoko ofisi ya mkuu. Mvua ikishika inasuasua, na bando likiisha tarehe 20 tunangoja mwezi mpya.

Mkuu wa shule amenikabidhi kazi ya kuandaa pendekezo la "mfumo wa mtandao wa shule" niliwasilishe mbele ya bodi. Kikao kimebaki wiki tatu. Tatizo ni kwamba neno hilo moja kila mtu analielewa kwa namna yake. Mkuu anamaanisha tovuti nzuri yenye picha, kwa sababu shule jirani wanayo na anaamini ndiyo inayowavutia wazazi wa kidato cha kwanza. Mhasibu anamaanisha lango ambalo mzazi anaingia kwa nywila, anaona ada aliyolipa na anayodaiwa. Walimu wenzangu wanataka pa kuweka alama ili waache kuandika ripoti 620 kwa mkono kila muhula. Na mimi, nikisema ukweli, ninachokitamani ni intraneti: seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) ndani ya maabara, yenye mitihani iliyopita, notisi na mazoezi, inayofanya kazi hata bando likiwa limeisha.

Kuna kampuni imeleta ankara ya shilingi milioni 9.6 kwa mwaka wa kwanza na milioni 2.4 kila mwaka unaofuata. Wanasema lango lao moja litafanya yote hayo. Kati ya mambo wanayoyanadi ni kwamba mzazi mwenye deni mfumo unamfungia asione matokeo mpaka alipe. Mhasibu amefurahi sana. Mwenye kampuni ni mpwa wa mjumbe mmoja wa bodi, na mjumbe huyo ameshanipigia simu mara mbili kuuliza "tumefikia wapi".

Nina hofu nyingine. Mwaka jana nilitengeneza ukurasa wa bure wa shule. Baada ya mitihani ya Juni nikaweka matokeo ya kidato cha tatu kwa PDF: majina, alama, nafasi darasani, na safu ya mwisho ya salio la ada, kwa sababu orodha ilitoka hivyo ofisini. Mzazi mmoja alilalamika kwa uchungu. Nilitoa kiungo siku ya pili yake nikaomba radhi. Tangu hapo nikisikia "kuweka matokeo mtandaoni" moyo unanidunda.

Wazazi wetu wengi ni wakulima wenye vitochi (simu ndogo za vitufe), kwa hiyo lango naona kama halina maana kwao. Lakini nikilipinga nitaonekana napinga bodi na namkatisha tamaa mkuu wangu aliyeniamini. Nikilikubali likaja kuharibika, atakayeulizwa ni mimi. Kati ya tovuti, lango na intraneti, nichague lipi?

Mwalimu wa Kompyuta, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Mwalimu, pole. Umetumwa kuleta jibu moja kwa maswali manne tofauti, na unayajua yote manne kuliko watu waliokutuma. Uzito unaousikia ni wa haki kabisa.

Kabla hatujafika kwenye bodi, lipo jambo moja la kufanya leo. Umeandika kwamba ulitoa kiungo. Je, faili lenyewe ulilifuta? Ukiondoa kiungo, PDF inabaki palepale ilipopakiwa, na yeyote aliyehifadhi anwani yake, au Google iliyokwisha kulisoma, bado anaweza kulifungua. Ingia kwenye sehemu ya mafaili ya ukurasa ule, lifute, kisha fungua anwani yake kamili kwa simu ya mtu mwingine uhakikishe halipo. Baada ya hapo tafuta Google jina la shule pamoja na jina la mwanafunzi mmoja wa orodha ile. Likitokea, tumia huduma ya Google ya wenye tovuti kuomba liondolewe kwenye matokeo ya utafutaji. Ombi hilo hulificha kwa miezi sita hivi, ndiyo maana faili lazima lifutwe kwanza, usipolifuta litarudi. Ukimaliza, yule mzazi anastahili kupigiwa simu na kuambiwa kwamba sasa limefutwa kweli.

Nimeanza hapo kwa sababu kisa kile kina jibu la nusu ya barua yako. PDF ile haikuwa na kosa lolote la kiufundi: ilifunguka, ilisomeka, ilikuwa nyepesi. Kosa lilikuwa kwamba maneno ya watu wachache yaliwekwa mbele ya watu wote. Tovuti ya wazi, lango na intraneti huwa zinauzwa kana kwamba ni mashine tatu zinazoshindana, lakini tofauti yake kubwa ni msomaji. Tovuti anaisoma mtu yeyote, hata asiyeijua shule. Lango analisoma mtu mmoja mmoja unayemjua kwa jina, kila mmoja na chake. Intraneti wanaisoma waliomo ndani ya uzio wa shule. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tununue lipi", ningekuomba uulize "tuna taarifa gani, na kila moja asome nani".

Chukua karatasi, upande wa kushoto andika kila aina ya taarifa ambayo shule inaitoa kwa mwaka. Ada na namba ya akaunti ya benki. Fomu ya kujiunga. Tahasusi za kidato cha tano. Tarehe za kufunga na kufungua. Alama za mwanafunzi. Salio la ada. Mwenendo na adhabu. Taarifa za zahanati. Maazimio ya kazi ya walimu. Mitihani iliyopita. Mitihani ambayo haijafanywa. Mbele ya kila moja andika: wote, mzazi mmoja, walimu, wanafunzi. Nafikiri utashangaa jinsi hoja nyingi zitakavyojimaliza zenyewe. Mkuu ataona kwamba vingi anavyovitaka vipo safu ya "wote", mhasibu vyake vipo "mzazi mmoja", vyako vipo "wanafunzi". Hamkuwa mnabishana, mlikuwa mnazungumzia wasomaji tofauti.

Sasa ngoja nikuulize machache kuhusu mambo uliyoyachukulia kuwa yameshaamuliwa.

Unamwona mkuu kama anayetaka kushindana na jirani. Inawezekana. Lakini mzazi aliyeko Tunduma au Dar es Salaam anayetafuta nafasi ya kidato cha kwanza hana njia nyingine ya kujua ada yenu, mahali mlipo na vitu vya kuja navyo, isipokuwa kupiga simu. Kurasa tano au sita zingemtosha, na jina la kikoa la shule, yaani anwani ya tovuti, linaloishia na sc.tz, ambalo limetengwa kwa shule, lingemwonyesha kuwa hapo ni kwenu kweli na si kwa tapeli anayekusanya ada ya fomu. Gharama ya tovuti ndogo si kubwa. Kazi yake ngumu ni mbili tu. Kwanza picha: simu ya kawaida hupiga picha ya MB 3 au 4, ukiweka kumi kwenye ukurasa wa mbele umemlia mzazi bando la MB 40 kabla hajaona ada. Zipunguze upana mpaka pikseli 1200, zitashuka hadi KB 200 hivi kila moja. Pili, ikijengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, lazima mtu aisasishe pamoja na viongezi vyake, yaani programu ndogo za nyongeza. Tovuti za shule zilizosahaulika ndizo zinazovamiwa na kuanza kuonyesha matangazo ya kamari.

Na picha za watoto zenyewe zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za watu zijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jirani zetu Kenya wamekwisha kuonja: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Mstari mmoja wa idhini kwenye fomu ya kujiunga, wenye kisanduku cha "nakubali" na cha "sikubali", ungeilinda shule yenu na ungewapa wazazi heshima yao.

Unasema wazazi wengi wana vitochi. Umewahesabu? Pengine uko sahihi, lakini bodi haitatosheka na "wengi". Siku ya wazazi, mlangoni, wape karatasi yenye visanduku vitatu: nina kitochi, nina simu janja, natumia simu janja ya mtu mwingine. Acha na mstari wa namba wanayoitumia sasa, maana namba zilizoko kwenye mafaili ya kidato cha kwanza mara nyingi zimekwisha kubadilika, na laini iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine kabisa. Siku mbili za kuhesabu zitakupa takwimu ambazo hakuna mjumbe atakayezibishia, na huenda zikakupinga wewe mwenyewe. Zikionyesha kuwa nusu wana simu janja, lango linapata uzito mpya.

Kuhusu lango, nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo lenye fedha nyingi na hatari nyingi. Faida yake ni ya kweli. Mzazi anaona cha mtoto wake tu, mhasibu anaacha kujibu simu za salio, walimu wanaingiza alama mara moja na ripoti zinajitoa zenyewe. Ila ufunguo wa lango si kule kuandika nywila. Ufunguo ni kwamba mfumo kila mara unajiuliza "huyu aliyeingia ana ruhusa ya ukurasa huu?" Mifumo mingi ya bei nafuu huuliza mara moja tu, mlangoni. Jaribu hivi siku kampuni itakapokuja kuonyesha mfumo wake: waombe wakufungulie akaunti ya mzazi wa majaribio, ingia, fungua ripoti ya mtoto, halafu tazama anwani iliyoko juu ya kivinjari. Ikiwa inaishia na kitu kama mwanafunzi=214, futa 214, andika 215, bonyeza. Ikifunguka ripoti ya mtoto wa mwenzako, mlango upo lakini chumba hakina kuta. Kisha toka, nakili anwani ya PDF ya ripoti, ifungue kwa simu ambayo haijaingia. Isifunguke. Na uulize nywila ya kwanza ya mzazi inakuwa nini. Ikiwa ni namba ya usajili ya mwanafunzi, kila mwanafunzi anayejua namba ya mwenzake ameshaingia.

Liko na suala la mikono. Siku ya kufunga shule, tuseme mzazi mmoja katika kila kumi amesahau nywila. Hao ni 62. Ukimhudumia kila mmoja kwa dakika tano, ni zaidi ya saa tano za simu kwa siku moja. Zitakuwa saa za nani? Kama jibu ni wewe, liandikwe kwenye pendekezo, na vipindi vyako vipunguzwe. Wapo pia wazazi waliotengana, walezi, na wajomba wanaolipa ada. Nani kati yao anafunguliwa akaunti? Hilo halijibiwi na kampuni, linajibiwa na shule.

Na kile kitufe cha kumfungia mwenye deni. Naelewa furaha ya mhasibu, ada isipoingia mishahara inachelewa. Lakini naomba bodi ilijadili kama uamuzi wa shule, isije ikaingia kwa mlango wa nyuma ikiwa imefichwa ndani ya programu. Mtoto aliyepata 28 ya Hesabu mwezi wa sita anahitaji mzazi wake ajue mwezi wa sita. Mzazi aliyeuza mahindi akalipa nusu, naye yuko njiani. Ipo njia ya katikati, ya kuonyesha matokeo na salio pamoja kwenye ukurasa mmoja, na mzazi apate yote mawili. Ipo pia njia ya kufunga. Kila moja ina gharama zake, na wenye shule ndio wa kuzipima.

Kwa wazazi wa vitochi, kuna kitu kati ya lango na karatasi ambacho barua yako haikukigusa: ujumbe mfupi. Tazama huu:

ASHA J. KID 3B: HIS 58 JIO 64 KIS 71 ENG 55 HES 42 BIO 60 KEM 49 FIZ 46. WASTANI 56. Kufungua 6/7. Ripoti kamili anayo mwanafunzi. Maswali: ofisi ya taaluma.

Ni herufi 157 pamoja na nafasi, na ujumbe mmoja hubeba 160. Unaandaliwa kwenye Excel, unatumwa kwa wazazi wote kwa pamoja kupitia kampuni ya kutuma meseji kwa wingi. Angalia jambo moja linalowagharimu watu bila wao kujua. Jina kama Ng'wandu ukilinakili kutoka Word, ile alama ya juu huwa imepindwa na Word, na alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Papo hapo kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, na meseji yako ya herufi 157 inakatwa na kulipiwa kama tatu. Badilisha alama zote ziwe zile zilizonyooka kabla ya kutuma. Hatari ya njia hii ni moja: ikiwa namba si ya mzazi tena, umempa mgeni alama za mtoto. Ndiyo maana ile karatasi ya mlangoni ina kazi mbili.

Sasa tuje kwenye unachokipenda wewe. Intraneti yako ina hoja nzuri, na nakuomba uipime kwa mizani ileile uliyowapimia wenzako. Kompyuta 25 zikifunguliwa saa sita kwa siku, siku tano, ni saa 750 kwa wiki. Gawa kwa wanafunzi 620: kila mmoja anapata kama saa moja na dakika 12, ikiwa hakuna mashine hata moja inayokufa na umeme haukatiki. Je, mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa kuwa na simu, kwa saa hiyo moja, anahitaji nini hasa? Mitihani iliyopita na mazoezi yanayojisahihisha, bila shaka. Ukianza na hayo tu, seva haihitaji kuwa kubwa: kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, na Moodle, programu ya kuweka masomo na majaribio, ambayo ni ya bure. Ukitaka na Wikipedia, programu ya Kiwix inaiweka yote ndani bila intaneti, lakini ile ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Usithubutu kuipakua kwa bando la ofisi ya mkuu. Nenda na diski mjini, mahali penye intaneti ya waya.

Swichi, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya, ya matundu 24 haitawatosha. Kompyuta 25, seva na printa ni matundu 27, kwa hiyo ni swichi mbili za 24 zilizounganishwa au moja ya 48. Waya wa mtandao usizidi mita 100. Huko kwenu radi si mchezo, basi usivute waya wa shaba kutoka maabara kwenda ofisi ya walimu: radi ikipiga karibu, waya huo huingiza umeme kwenye majengo yote mawili na kuchoma swichi za pande zote. Kati ya jengo na jengo ni faiba, waya wa kioo usiopitisha umeme. Seva iwe na UPS, betri ya akiba ya umeme, tena iliyowekwa iizime seva taratibu chaji inapopungua. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, hifadhidata huweza kuharibika na Moodle isifunguke. Na kama unatumia kompyuta kuukuu, badilisha ile betri ndogo ya saa, CR2032. Ikifa, kila ukiwasha baada ya umeme kukatika tarehe inarudi nyuma miaka, na kwa kuwa hakuna intaneti ya kuirekebisha, jaribio ulilolipanga Jumatatu saa nne halifunguki kwa mtu yeyote.

Kuna dhana moja kwenye intraneti ambayo ningependa tuiangalie kwa upole: kwamba kwa kuwa iko ndani ya uzio, iko salama. Walioko ndani ya uzio ni vijana 620, na wao ndio wenye hamu kubwa kuliko mtu yeyote duniani ya kuona mtihani wa muhula kabla haujafanywa. Wanakaa nyuma ya mwalimu wakati anaandika nywila. Ukiweka maazimio ya kazi, alama na rasimu za mitihani kwenye seva ileile ya wanafunzi, umeweka ufunguo chini ya jiwe la mlangoni. Rasimu za mitihani zikae kwenye kompyuta ya taaluma isiyounganishwa na maabara hata kwa waya mmoja. Alama nazo vilevile, mpaka mtakapokuwa na mtandao uliotenganishwa kweli.

Na chelezo, yaani nakala za akiba, kwa chochote mtakachochagua. Diski mbili za nje, kila Ijumaa unanakili kwenye moja na nyingine inalala kwenye kasiki ya mhasibu, wiki inayofuata mnabadilishana. Mara moja kila muhula jaribu kurejesha kutoka kwenye diski hizo kwenye kompyuta nyingine. Wengi hugundua kuwa chelezo ni tupu siku wanayoihitaji.

Ukiyaweka pamoja, naona njia kadhaa zinazotembea. Mnaweza kuanza na tovuti ndogo na meseji za matokeo mwaka huu, mkaliacha lango mpaka hesabu ya simu za wazazi ijulikane. Hatari yake ni kwamba walimu wataendelea kuhangaika na ripoti, na "mwaka ujao" una tabia ya kutofika. Mnaweza kununua lango sasa, kwa kidato kimoja tu kwa muhula mmoja, walimu wakionja kwanza kabla ya wazazi. Hatari ni fedha, na uchovu wako. Mnaweza kujenga seva ya maabara kwa gharama ndogo bila kugusa taarifa ya mtu yeyote, ila mkuu na mhasibu wataondoka kikaoni mikono mitupu, na hilo nalo lina bei yake katika ofisi mnayofanyia kazi pamoja.

Kuhusu mpwa wa mjumbe, usimtuhumu wala usimpendelee. Andika maswali kwenye karatasi moja, yapeleke kwa kampuni hiyo na nyingine mbili, majibu yarudi kwa maandishi. Jina la kikoa litasajiliwa kwa jina la nani, shule au kampuni? Tukiacha kuwalipa ile milioni 2.4, tutapewa alama na taarifa zetu zote kwenye Excel, ndani ya siku ngapi? Seva iko nchi gani, maana sheria ina masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi? Kampuni imesajiliwa kwa Tume? Nani anapokea simu Jumamosi ya kufunga shule? Mpwa akijibu vizuri kuliko wenzake, amestahili. Asipojibu, karatasi ndiyo itakayosema, wewe hutakuwa umempinga mtu. Mjumbe akipiga simu mara ya tatu, mwambie kwa adabu kwamba maswali yameshatumwa kwa wote na nakala anayo mkuu.

Tena, kabla ya kikao, kaa na mkuu wako peke yake. Mwonyeshe ile karatasi ya safu nne. Mwambie waziwazi kuhusu PDF ya mwaka jana, na kwamba umeifuta. Kisha mwombe akujazie safu ya tano, ambayo ni yeye tu anayeweza kuijaza: kila taarifa itasasishwa na nani, siku gani ya wiki, na kazi gani nyingine mtu huyo atapunguziwa. Mstari wowote utakaokosa jina kwenye safu hiyo, msiuingize kwenye ombi la fedha bado.

Wiki tatu zinatosha kwa hayo. Ukitoka kikaoni niandikie tena, uniambie ni mstari gani uliobishaniwa zaidi, tuutazame pamoja.